Visafisha mfumo wa mafuta na kipimo cha moshi cha MOT: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawahusu wenye magari ya petroli na dizeli nchini Uingereza, ambako gari binafsi likitimiza miaka mitatu (minne kwa Ireland ya Kaskazini) hulazimika kukaguliwa kila mwaka katika ukaguzi unaojulikana kwa jina la MOT. Kipimo cha moshi ni sehemu mojawapo ya ukaguzi huo, na ndicho kinachowafanya watu wengi wasimame mbele ya rafu za duka la vipuri wakijiuliza wanunue chupa ipi.

Je, dawa ya kusafisha mfumo wa mafuta inaweza kweli kulisaidia gari kufaulu kipimo cha moshi?

Inaweza, lakini pale tu ambapo kinacholiangusha gari ni uchafu ulioganda katika njia ya mafuta na mwako, yaani kwenye midomo ya injekta, kwenye vali za kuingizia hewa au ndani ya chumba cha mwako. Injekta iliyoshika ukoko hainyunyizi mafuta kama ukungu mwembamba. Huyatoa kwa matone makubwa au kwa mkondo uliopinda, na matone hayo hayawahi kuungua yote kabla vali ya kutolea moshi haijafunguka. Mafuta ambayo hayakuungua hutoka yakiwa haidrokaboni, na yale yaliyoungua nusu hutoka yakiwa monoksidi ya kaboni. Ukoko ukiondoka, unyunyizaji hurudi katika hali yake na gesi hizo hupungua.

Kwa upande mwingine, plagi iliyokwisha, sensa ya oksijeni iliyochoka, bomba la moshi lenye tundu, ringi za pistoni zinazopitisha oili na katalisti (kifaa cha kwenye bomba la moshi kinachopunguza gesi zenye sumu) iliyokufa haviponi kwa dawa inayomiminwa kwenye tangi. Kwa maoni yangu, tatizo kubwa la chupa hizi si ubora wake, bali ni mazoea ya kuzinunua kabla ya kujua gari linaumwa nini.

Mkaguzi anapima nini hasa kwenye gari la petroli?

Kwa gari la abiria lenye katalisti lililoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2002 au baadaye, na ambalo mtengenezaji wake hakuweka viwango vyake maalumu, mkaguzi huingiza kipimo kwenye bomba la moshi injini ikiwa imepata moto, kisha huishikilia injini kwenye mizunguko 2,500 hadi 3,000 kwa dakika. Katika hali hiyo monoksidi ya kaboni haitakiwi kuzidi asilimia 0.2 ya moshi wote, na haidrokaboni hazitakiwi kuzidi sehemu 200 katika milioni. Namba ya tatu huitwa lamda, nayo inatakiwa iwe kati ya 0.97 na 1.03. Baadaye injini huachwa ingurume yenyewe bila kukanyagwa, na hapo monoksidi ya kaboni haitakiwi kupita asilimia 0.3.

Lamda huonyesha uwiano wa hewa na mafuta. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote, na uwiano huo ndio unaoitwa lamda 1. Namba ikishuka chini ya hapo, mafuta yamezidi. Ikipanda juu, hewa imezidi, au kuna hewa ya nje inayojipenyeza kwenye moshi kabla haujafika kwenye kipimo.

Magari ya zamani zaidi, yasiyo na katalisti, yana viwango vilivyolegea sana. Kwa mfano, gari lililoanza kutumika kati ya Agosti 1986 na Julai 1992 huruhusiwa kufikisha asilimia 3.5 za monoksidi ya kaboni. Kwa magari hayo kurekebisha kabureta na kubadilisha plagi ni kazi yenye faida kuliko dawa yoyote.

Gari langu limeanguka. Nianzie wapi kabla ya kununua chochote?

Anza kwa kuomba karatasi ya vipimo inayotoka kwenye mashine ya gesi. Cheti cha kushindwa hukuambia tu kwamba umezidi kiwango, ilhali karatasi ya mashine ina namba zenyewe, na namba hizo zikisomwa kwa pamoja humwambia fundi aliye makini mahali pa kuanzia kabla hata hajafungua boneti.

Monoksidi ya kaboni ikiwa juu na lamda ikiwa chini ya 0.97, injini inalishwa mafuta mengi kupita kiasi. Inawezekana injekta inavuja, lakini inawezekana pia kwamba sensa ya joto la maji inaidanganya kompyuta kuwa injini bado ni ya baridi, au sensa ya oksijeni imezeeka na haioni tena kinachopita mbele yake, au kidhibiti cha shinikizo la mafuta kimeharibika. Hapa dawa inaweza kusaidia ikiwa injekta haifungi vizuri kwa sababu ya uchafu, na haitasaidia kabisa katika hali hizo nyingine.

Haidrokaboni zikiwa juu huku monoksidi ya kaboni ikiwa ya kawaida, shuku kwanza kwamba silinda moja inakosa moto. Mafuta yanaingia, cheche haiji au inakuja dhaifu, na petroli mbichi inatoka nje. Angalia plagi, koili na nyaya zake. Ukiona pia moshi wa bluu unapokanyaga mafuta tena baada ya kushuka mlima, hiyo ni oili inayoungua, na hakuna kisafishaji cha tangi kitakachoziba ringi au sili za vali.

Lamda ikiwa juu ya 1.03, jambo la kwanza ni kutafuta tundu kwenye bomba la moshi au ufa kwenye maungio yake, kwa sababu kila moshi unapopiga kwa mpigo bomba lenye tundu huvuta hewa ya nje pia. Watu wameshamimina dawa chupa kwa chupa kwa ajili ya gari ambalo kasoro yake ilikuwa gasketi ya bei ndogo. Uvujaji wa hewa kwenye mipira ya upande wa kuingizia nao huleta dalili inayofanana na hii, ingawa kwa kawaida injini hiyo haitulii inaponguruma yenyewe.

Hali ya mwisho ndiyo inayoumiza mfuko: lamda iko pale pale kwenye 1, injini inaunguruma vizuri, na bado monoksidi ya kaboni na haidrokaboni zote zimezidi. Hapo injini inafanya kazi yake na katalisti haifanyi yake. Kabla ya kuihukumu, hata hivyo, uliza kama gari lilipimwa likiwa na moto wa kutosha. Katalisti huanza kufanya kazi inapofikia kama nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, na gari lililosimama nje ya gereji saa nzima asubuhi ya Januari linaweza kuanguka bila kuwa na ugonjwa wowote.

Ndani ya chupa kuna nini?

Sehemu kubwa ni kiyeyushi cha jamii ya mafuta ya taa, ambacho kazi yake ni kubeba kiungo chenyewe cha kusafisha. Kiungo hicho, katika bidhaa nzuri za petroli, ni polietaamini, ambayo kwenye lebo nyingi huandikwa kwa kifupi PEA. Molekuli yake ina upande unaojishika kwenye uchafu na upande unaopendana na petroli, kwa hiyo hubandua ukoko kidogo kidogo na kuupeleka kuungua. Sifa yake kubwa ni kwamba huvumilia joto kali kiasi cha kuweza kufanya kazi hata ndani ya chumba cha mwako. Techron ya kampuni ya Chevron ni mfano unaojulikana wa bidhaa yenye kiungo hiki. Ipo pia jamii nyingine ya viungo, poliisobutileni amini, ambayo husafisha vali za kuingizia hewa vizuri lakini haifui dafu mbele ya PEA kwenye chumba cha mwako.

Ikiwa lebo na karatasi ya usalama ya bidhaa hazitaji kiungo chochote cha kusafisha bali kiyeyushi peke yake, umeuziwa kiyeyushi. Karatasi za usalama hupatikana bure kwenye tovuti za watengenezaji, na kuzisoma ni bora kuliko kusoma maneno makubwa ya mbele ya chupa.

Je, hufanya kazi kwenye injini zote za petroli?

Hapana. Katika injini ambazo injekta zake hunyunyiza kwenye njia ya hewa, nyuma ya vali, petroli yenye dawa huziosha vali hizo kila mara. Katika injini za kisasa zinazonyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, petroli haizigusi vali za kuingizia hewa kabisa. Ukoko unaoganda kwenye vali hizo hutokana na mvuke wa oili unaorudishwa kutoka kwenye tumbo la injini, na dawa ya tangi haina njia ya kuufikia. Injini ya namna hiyo bado hunufaika kwa midomo ya injekta kusafishwa, lakini vali zake husafishwa kwa kufunguliwa na kupigwa kwa maganda ya jozi yaliyosagwa au kwa dawa inayopuliziwa kwenye njia ya hewa. Ukiwa hujui gari lako ni la aina gani, muulize fundi au angalia kitabu cha gari kabla ya kutumia fedha.

Niimimine dawa lini, kiasi gani, na niendesheje?

Wiki mbili au tatu kabla ya ukaguzi ni muda mzuri. Subiri tangi likaribie kuisha, mimina chupa nzima kwa kipimo kilichoandikwa, kisha jaza petroli ili ichanganyike yenyewe. Baada ya hapo tumia tangi hilo karibu lote kabla ya siku ya ukaguzi. Kuimimina dawa usiku wa kuamkia ukaguzi ni kupoteza pesa, kwa kuwa ukoko uliojengeka kwa miaka hauondoki kwa safari ya kwenda gereji, na mchanganyiko wenye dawa nyingi ambayo bado haijaisha unaweza hata kuchafua vipimo.

Namna ya kuendesha ina uzito sawa na dawa yenyewe. Safari za dakika tano za kwenda dukani na kuchukua watoto shule haziipi injini joto la kubandua chochote. Lipeleke gari kwenye barabara kuu, liendeshe nusu saa au zaidi, na kwa sehemu ya safari hiyo tumia gia ya chini kidogo kuliko kawaida ili mizunguko ipande, bila kuvuka mwendo unaoruhusiwa.

Kuongeza dozi si kuongeza matokeo. Sehemu ya dawa na petroli isiyoungua hupenya pembeni mwa pistoni na kuingia kwenye oili, kwa hiyo ni busara kupanga kubadilisha oili mara tangi lenye dawa linapokwisha na kabla ya ukaguzi. Oili chakavu iliyochanganyika na petroli hutoa mvuke unaorudishwa kwenye injini na kupandisha haidrokaboni. Mara nyingine oili mpya na chujio jipya la hewa ndivyo vilivyolipitisha gari, na sifa zikaenda kwa chupa.

Kuna njia nyingine ya kupata dawa hiyo bila kununua chupa?

Ipo. Petroli ya daraja la juu inayouzwa na kampuni kubwa, ile yenye oktani 97 au zaidi, kwa kawaida huwekwa viungo vingi vya kusafisha kuliko petroli ya kawaida. Kwa gari ambalo halijaharibika, kulijaza mara kwa mara kwa miezi michache ni kinga nzuri. Kwa gari lililokwisha kuanguka, chupa hufanya kazi haraka zaidi.

Gari langu ni la dizeli. Maelezo haya yanahusu pia?

Kwa kiasi. Dizeli haipimwi gesi bali weusi wa moshi. Injini hukanyagwa hadi mwisho wa mizunguko yake mara moja au zaidi, na mashine hupima kiasi cha mwanga unaozuiwa na moshi. Kiwango kinachotumika kwanza ni kile kilichoandikwa na mtengenezaji kwenye kibandiko cha gari. Kisipokuwepo, magari yaliyoanza kutumika tangu Januari 2014 hupewa kiwango cha weusi cha 0.7, yale ya kati ya Julai 2008 na Desemba 2013 hupewa 1.5, na yale ya zamani zaidi hupewa 2.5, au 3.0 yakiwa na turbo. Kwa kuwa injini inakanyagwa kwa nguvu namna hiyo, hakikisha kiasi cha oili kinatosha na mkanda wa taimingi haujapitiliza muda wake kabla hujalipeleka.

Nunua dawa iliyoandikwa kuwa ni ya dizeli. Ya petroli haifai, kwa sababu mfumo wa dizeli hutegemea mafuta yenyewe kulainisha pampu na nozeli. Dawa nzuri ya dizeli husafisha nozeli na mara nyingi huongeza wepesi wa mafuta kuwaka, na moshi mweusi unaosababishwa na nozeli zenye masizi hupungua kwa kweli.

Habari hubadilika gari likiwa na kichujio cha masizi. Gari lililotoka kiwandani nacho haliruhusiwi kutoa moshi wowote unaoonekana kwenye ukaguzi. Kichujio hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwenye joto la takriban nyuzi 600, na baadhi ya viungo vya madini ya seriamu au chuma huweza kushusha joto hilo hadi karibu 450. Kwa hiyo dawa inayolenga kichujio inaweza kusaidia gari la mjini ambalo kichujio chake kimejaa masizi, mradi lipate pia safari ndefu. Majivu yanayotokana na oili hayaungui kwa joto lolote la kawaida, na hayo huondolewa kwa kukitoa kichujio na kukiosha kwa mashine. Kuendesha barabarani gari ambalo kichujio chake kimekatwa na kurudishwa ganda tupu ni kosa la kisheria: faini hufikia pauni 1,000 kwa gari dogo na 2,500 kwa gari la mizigo.

Jambo moja la tahadhari: AdBlue, kimiminika cha urea kinachotumiwa na baadhi ya magari ya dizeli kusafisha moshi, ina tangi lake. Ikimiminwa kwenye tangi la dizeli huharibu pampu na nozeli, na gari lisiwashwe mpaka tangi limwagwe.

Vipi kuhusu chupa zinazodai kufufua katalisti?

Katalisti ni sega la kauri au chuma lililopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Ikiwa limefunikwa na masizi mepesi kwa sababu gari halikuwahi kupata moto, dawa pamoja na safari ya kasi vinaweza kuyachoma, ingawa mara nyingi safari peke yake ingetosha. Ikiwa limeyeyuka kwa petroli mbichi kutoka kwenye silinda iliyokosa moto, au madini yake yamefunikwa na fosforasi na zinki za oili iliyoungua kwa miaka, hakuna kimiminika kinachorudisha. Kabla ya kufunga katalisti mpya tibu kwanza kilichoua ile ya zamani, la sivyo mpya nayo itakufa.

Je, nichanganye spiriti kwenye petroli, kama ninavyosikia?

Hapana. Hila hiyo ilikuwa na mantiki enzi za kabureta, kwa sababu alkoholi huupunguzia mchanganyiko mafuta. Injini yenye sensa ya oksijeni hugundua badiliko hilo na kuongeza mafuta papo hapo, na kinachobaki ni hatari kwa mipira na sili. Epuka pia viongeza oktani vyenye manganizi, ambavyo huacha utando mwekundu kwenye plagi na kuidhuru katalisti.

Taa ya injini inawaka. Nikifuta msimbo wa hitilafu uliohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari asubuhi ya ukaguzi nitapita?

Tangu Mei 2018 taa hiyo ikiwaka ni kosa kubwa la kuliangusha gari la petroli lililoanza kutumika tangu Julai 2003, au la dizeli tangu Julai 2008. Kuifuta bila kutibu sababu humfanya fundi apoteze kumbukumbu iliyomsaidia kuitafuta, na kwa kasoro nyingi itawaka tena. Usome msimbo kwanza. Msimbo ukisema silinda fulani inakosa moto au mchanganyiko umezidi mafuta, na plagi ni nzima, hapo chupa ya dawa ni jaribio la haki.

Ndugu yangu yuko California. Ushauri ni huu huu?

Si wote. Huko gari la petroli la mwaka 2000 au baadaye halipimwi gesi kwa kipimo cha bomba. Mkaguzi huunganisha mashine na kompyuta ya gari na kusoma hali yake. Ukifuta misimbo, kompyuta huanza upya majaribio yake ya ndani, na gari la miaka hiyo huruhusiwa kuwa na jaribio moja tu lisilokamilika, lile la mvuke wa mafuta. Kwa magari ya mwaka 2010 na kuendelea husomwa pia misimbo ya kudumu ambayo haifutiki kwa mashine ya fundi. Kule, kwa hiyo, dawa ina maana tu ikiwa msimbo wenyewe umesababishwa na uchafu, na baada yake gari liendeshwe siku kadhaa kabla ya kupimwa.

Gari langu likipita MOT kwa vipimo vizuri, nitasamehewa ada ya ULEZ ya London, yaani ada ya magari yanayochafua hewa?

Hapana. Ada hiyo ya pauni 12.50 kwa siku, ambayo tangu tarehe 29 Agosti 2023 inahusu mitaa yote ya London, hufuata daraja la uchafuzi la Ulaya ambalo gari lilipewa lilipotengenezwa: husamehewa lenye angalau Euro 4 kwa petroli au Euro 6 kwa dizeli. Dawa haibadilishi daraja.

Nijaribu chupa ngapi kabla ya kukubali kwenda kwa fundi?

Moja, kwenye tangi moja kamili. Ikiwa namba hazijasogea, ya pili haitazisogeza. Ni vizuri kuomba kipimo cha gesi peke yake kwenye gereji kabla ya ukaguzi rasmi, na gereji nyingi hukubali kwa malipo madogo. Ukaguzi unaweza kufanywa hadi mwezi mmoja kasoro siku moja kabla cheti hakijaisha bila kupoteza tarehe yako ya mwaka, kwa hiyo nafasi ya kujaribu, kupima na kutengeneza ipo. Gari likianguka na ukaliacha hapo hapo litengenezwe, marudio ndani ya siku 10 za kazi hayalipiwi. Ukiliondoa na kulirudisha ndani ya siku hizo, unaweza kutozwa ada ya marudio ya sehemu, ambayo ni pungufu ya ada kamili isiyozidi pauni 54.85. Kuliondoa kunaruhusiwa ikiwa cheti cha zamani bado ni hai na hakuna kasoro iliyoandikwa kuwa ni ya hatari.